Nilizuia Kapu Lenye Sale Lisifunguliwe Getini

Wasomaji wenzangu, shikamooni mnaostahili shikamoo. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, nasoma kidato cha tatu shule ya bweni hapa Moshi, ila sasa niko nyumbani likizo. Kwetu ni huku juu mlimani kwenye migomba, kijiji sitakitaja. Ni mtu wa aibu. Hata darasani naweza kuandika insha ya Kiingereza ukurasa mzima juu ya kusema ukweli, lakini nikiambiwa nisimame niisome, sauti inapotea. Namshukuru mwenye ukurasa huu kwa kunifichia jina, maana haya sijamwambia mtu, hata padri.

Timu ya kijiji chetu na timu ya bondeni, kule kwenye mashamba ya mpunga, zikikutana lazima pachafuke. Mwaka jana mtoto wa shangazi yangu alirudi nyumbani hana meno ya mbele. Ndipo wazee wa pande zote wakaunda kamati, baba yangu akawa mwenyekiti. Wakakubaliana mashabiki wakae pande tofauti, fimbo, pombe na chupa zisiingie uwanjani, na kila anayeingia apekuliwe. Kwa kuwa mwanamume hawezi kupekua mama wa watu, geti la wanawake walitupa sisi wasichana wawili, mmoja wa juu na mmoja wa bondeni, ili lawama isiegemee upande mmoja. Wa juu nilikuwa mimi. Wa bondeni nitamwita Zaina.

Zaina si kama mimi, yeye ana maneno. Kila mama aliyefika alimwambia, "Mama, legeza kanga tuone kama hujamficha refa humo," na mama anacheka huku anapekuliwa. Mimi kazi yangu ilikuwa shikamoo tu. Kwa ndani tulisikia wanaume wameshaanza. Wa kwetu wanapiga kelele, "Rudini mkafukuze ndege kwenye mpunga!" Wa bondeni wanajibu, "Uwanja wenyewe umeinama kama paa, magoli yenu yanaletwa na mteremko!" Nilicheka mpaka nikasahau aibu yangu.

Halafu akaja shangazi. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Ana kapu kubwa, juu amelifunika majani ya sale.

Kwa wasio wa huku niwaeleze. Sale ni lile jani refu tunalopanda mipakani mwa vihamba, yaani mashamba yetu ya migomba. Ukimkosea mtu ukampelekea sale, hawezi kukataa kukusamehe. Na mzigo uliofunikwa sale ni wa matambiko au wa kupatanisha watu, haushikwi ovyo.

Zaina akanyoosha mkono. Shangazi akasema, "Wee binti, hilo ni la wazee. Mpira ukiisha watu watapatanishwa." Akalihamisha kapu mkono wa pili, na chupa zikagongana.

Jamani, nilizisikia. Zaina hakusikia, ngoma zilikuwa zinapigwa na alikuwa upande wa pili. Mimi nilizisikia, na shangazi alijua nimezisikia, maana alinitazama usoni bila kupepesa. Nikasema, "Achia tu, Zaina. Hilo halifunguliwi, lina sale."

"Sawa," akasema Zaina, "desturi ni zenu, wewe ndiye unayezijua." Akamsaidia shangazi kujitwisha.

Kipindi cha pili bondeni walisawazisha, na chupa zikaanza kuruka kutoka upande wetu. Moja ilimpata kipa wao usoni. Nilimwona akikaa chini taratibu, kama mtu aliyechoka, damu inapita katikati ya vidole. Mpaka leo haijulikani kama lile jicho litaona.

Kamati ilikutana nyumbani kwetu. Baba akauliza, "Chupa zimepita wapi?" Zaina akasema, "Kuna kapu moja tulilipitisha bila kulifungua." Akaulizwa la nani, akasema wanawake walikuwa wengi, hakumbuki sura. Akaulizwa kwa nini halikufunguliwa. Akanigeukia. Mimi nikatazama viatu vyangu. Akasubiri, akasubiri, kisha akajibu, "Sikujua desturi za huku." Hakunitaja. Shangazi, aliyekuwa anamimina chai, akafyonya, "Si niliwaambia huyu mtoto wa bondeni hafai kulinda geti?" Wageni walipoondoka alinishika bega akasema, "Mwanangu, sasa umekua. Umejua kulinda wa kwenu."

Kamati imeamua Zaina aombe radhi mbele ya vijiji vyote viwili, Jumapili ya mwisho wa mwezi baada ya misa, ndipo timu ziruhusiwe kucheza tena. Kwao bondeni wanamwita msaliti, kwamba ameuza jicho la mtoto wa jirani yao. Juzi amepanda mpaka kwetu kwa miguu. Nilidhani amekuja kunisuta. Kumbe ameambiwa Jumapili hiyo aje na sale. "Nifundishe linavyofungwa," akaniambia, "nisije nikakosea tena desturi zenu." Nikakata jani kihambani kwetu, nikamwonyesha fundo. Fundo lilinifunguka mara mbili, akadhani vidole vimeganda kwa baridi, akanivalisha kitenge chake.

Nikisema, shangazi atatengwa, na baba atazomewa kwamba chupa zilitoka kwenye nyumba ya mwenyekiti. Nikinyamaza, Zaina atapiga magoti kwa kosa langu, na akishatoa lile sale nami nitatakiwa kuitikia kwamba nimemsamehe. Mimi nimsamehe yeye!

Ninyi wakubwa mnaonisoma, na wenzangu mliowahi kulelewa na mtu mkashindwa kumsema: nianzie kwa nani? Kwa baba, kwa Zaina, au nisimame tu siku ile mbele ya watu, mimi nisiyeweza kusimama hata darasani? Niambieni kabla Jumapili hiyo haijafika.