Kutafuta Maziwa Mapole

Asubuhi nyingi za mwaka ule ziwa halikuonekana. Ukungu ulilala juu ya maji hadi kwenye mizizi ya mikaratusi, na kutoka dirishani kwetu, Bukavu ilikuwa mabati machache tu yanayoelea. Nilikaa pale na mtoto mapajani, nusu nimelala, nikifikiri kwamba labda dunia nzima imegeuka maziwa isipokuwa mimi.

Tulimpata binti yetu nikiwa nimeshawagawia wadogo zangu nguo za mtoto nilizokuwa nimezificha kabatini kwa miaka. Nilikuwa katika umri ambao wanafunzi wangu husimama kuniachia kiti. Daktari aliandika kwenye karatasi yangu neno la Kifaransa la heshima kabisa, ambalo maana yake ilikuwa kwamba nimechelewa. Nilijua kusoma maandishi ya kila namna, na nilidhani mtoto naye ni maandishi: ukimtazama kwa subira, atafunguka.

Hakufunguka. Alilia. Alinyonya kidogo, akalala kidogo, akaamka na njaa ile ile, na siku za kwanza zikapita hivyo, bila kingo, kama mvua inayoanza kabla ile ya jana haijaisha.

Kwetu mtu hasemi anakwenda kumpima mtoto uzito. Anasema anakwenda ku kilo. Watoto hutundikwa kwenye mizani wakiwa ndani ya kikaptura cha kitambaa, miguu inaning'inia, na kila mmoja huzunguka polepole akiwatazama akina mama kama askofu anayepita kwenye maandamano. Wangu alipozunguka, mshale ulibaki karibu na pale ulipokuwa mara ya mwisho.

“Maman, mutoto anakauka kidogo,” muuguzi alisema. “Maziwa yako iko, lakini haimutoshe. Unamunyonyesha kwanza, akimaliza unamuongezea ya kopo. Usiache kumunyonyesha, umesikia?”

“Na akizoea chupa, akanikataa?”

“Akikukataa utakuja kunigombesha. Mwingine!”

Nilitoka nimemkumbatia kwa nguvu kupita kiasi. Kukauka kwake kulinitisha, lakini nilikuwa na hofu nyingine ambayo sikumwambia mtu. Sikutarajia mtoto mwingine. Kama angeliacha titi langu, hiyo sehemu ya maisha ingefungwa, nami nilikuwa ndiyo kwanza nimeingia mlangoni.

Duka la dawa lililokuwa na maziwa ya watoto lilikuwa Nyawera, nyuma ya soko, mahali ambapo madereva wa pikipiki humwita kila mwanamke “maman” na kila mwanamke mwenye miwani “madame”. Muuza dawa alikuwa mama mnene, mtulivu, aliyepanga makopo yake kama vitabu.

“Iko ya kawaida,” alisema akionyesha kwa kidole. “Iko ya tumbo ngumu. Iko ya batoto banatapika. Hii iko ya batoto ya kasirani. Unataka gani?”

“Nataka maziwa mapole.”

“Mapole kwa mutoto ao kwa mama?”

“Kwa wote wawili.”

“Ile haiyafika bado,” alisema bila kucheka, na akanipangusia vumbi kopo la kawaida.

Nilisimama pale nikisoma. Nisamehewe: ni kazi yangu. Kopo moja lilikuwa na sentensi ndefu zilizojaa ahadi, na mimi huwa siziamini sentensi ndefu zilizojaa ahadi. Lingine lilikuwa na dubu aliyelala juu ya mwezi. La kawaida lilikuwa na sentensi fupi, kila moja na kitenzi chake. Nikalichagua kwa sababu ya mtindo.

Nyumbani alikuwapo mama mkwe wangu. Alikuwa amekuja kutoka Bagira na kikapu na vitenge vyake, kutusaidia, kwa sababu mume wangu kazi yake ilikuwa kisiwani Idjwi na alirudi mwisho wa juma tu, kwa boti, ananuka mananasi. Mimi nilifundisha chuoni asubuhi hadi baada ya saa sita. Kwa hiyo chupa za mchana zilikuwa za mama mkwe. Aliniita Prof. Mtu ambaye hakumjua angedhani ni heshima.

Maisha yake yote alikuwa ameuza maharage Nyawera. Na pale sokoni maharage hupimwa kwa makopo matupu ya maziwa ya watoto, makopo ya zamani yaliyopoteza rangi. Watoto walioyamaliza sasa wana mvi kama mimi. Muuzaji mjanja hugonga kitako cha kopo kwa jiwe mpaka kiingie ndani. Mnunuzi mjanja hapotezi muda kubishana juu ya kitako. Anadai kichwa: kile kilima cha maharage kinachosimama juu ya mdomo wa kopo. Halafu anangoja matabishi, yaani konzi ya mwisho ya kutupiwa mfukoni, ya kuonyesha kwamba mtu na mtu wameonana. Asiyetoa kichwa wala matabishi atauza siku moja tu.

Nilimwonyesha mama mkwe jinsi ya kutayarisha chupa. Maji yaliyochemka, yakapoa kiasi. Kijiko kilichomo ndani ya kopo. Unachota, unapitisha mgongo wa kisu juu yake, unga unabaki sawasawa na ukingo. Alinitazama kama mtu anayemwona jirani akiiba, naye ni mgeni, hataki ugomvi.

Siku za kwanza zilikuwa nzuri. Mtoto alikunywa, akalala, nasi tukatembea kwa ncha za vidole. Kisha akaanza tena, na safari hii kilio kilikuwa kingine. Alikunja magoti hadi tumboni. Uso ulikuwa mwekundu kama udongo wa njia ya Bagira. Choo chake kilikuwa kigumu kama cha mbuzi. Na nilipomweka kwenye titi alijipinda kama upinde, akageuza shingo upande wa ukutani.

“Ni ile kopo,” nilisema.

“Ni ile kopo,” mama mkwe alikubali. Ilikuwa mara ya kwanza sisi kukubaliana.

Nikarudi Nyawera. Nikachukua lile la dubu. Dubu alilala kwa amani juu ya mwezi wake, lakini binti yangu hakulala. Nikarudi tena, nikachukua la sentensi ndefu, lililoahidi faraja, wepesi na usiku mtulivu. Jirani akanishauri maziwa ya mbuzi, dada yangu akaniambia nijichunguze nimekula nini. Nikaacha sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, nikaacha maharage, nikaacha kila kitu chenye ladha, nikawa naelea darasani kama ukungu wenyewe. Siku moja nilisimama mbele ya wanafunzi na kuwaeleza kitu kirefu juu ya msimulizi asiyeaminika, kumbe nilikuwa nasimulia habari za kopo. Waliandika yote.

“Madame umerudia,” muuza dawa aliniambia safari ya mwisho. “Hata mutu ya pombe hahamehame hivi.”

Na kila alasiri niliporudi nilinawa mikono, nikakaa dirishani, nikamweka kifuani, naye akageuza uso. Wakati mwingine alishika, akavuta mara chache, akakumbuka tumbo lake, akaacha. Maziwa yangu yaliloweka blauzi bila kazi. Nje boti ndogo zilitokea kwenye weupe na kuingia tena kwenye weupe. Nilianza kuzoea wazo kwamba ndivyo itakavyokuwa: kwamba nitakuwa mama wa kumtazama tu.

Kisha ikaja siku ambayo mvua ilibeba barabara ya chuo. Nilirudi asubuhi, viatu mkononi. Mama mkwe hakunisikia. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kando ya mbabula, lile jiko la makaa, mtoto mgongoni, kopo kati ya magoti, na mwanga wa mvua uliingia mlangoni ukamfanya aonekane yuko mbali sana, kama picha ya mtu wa zamani. Alikuwa akiimba kwa Kimashi cha kwao, chinichini. Alichota unga. Akakigonga kijiko polepole juu ya ukingo ili unga ushuke na kushindiliwa. Akachota tena juu yake. Kikasimama kilima cheupe, kizuri, chenye ncha. Akakimimina chupani kwa uangalifu, bila kudondosha chembe. Halafu akaingiza vidole koponi na kuongeza kitu kidogo juu, kwa upendo mkubwa.

Nilitazama kijiko cha pili. Cha tatu. Kwa muda kilikuwa kitendo kizuri kuliko vyote nilivyoona mwaka ule.

“Mama,” nilisema mwishowe, “unafanya nini?”

“Ninapimia mutoto.” Hakushtuka hata kidogo.

“Nilikuonyesha kupangusa na kisu.”

“Niliona.” Akaweka kijiko chini. “Nilisema, wewe ni mutoto wa watu, hukulelewa sokoni, nikuache. Nani anapangusa kipimo, Prof? Unapangusa kwa mutu hutaki arudie. Huyu ni wa kwetu!”

“Lakini kipimo chake...”

“Kipimo gani?” Alikigeuza kijiko akanionyesha kitako. Kweli, kilikuwa kimebonyea kidogo kuelekea ndani, jinsi kilivyotoka kiwandani. “Angalia! Bazungu nao banagonga! Mie niligonga makopo myaka yangu yote, utanifundisha? Hii kijiko ni ya kuiba. Nilikuwa namurudishia tu haki yake.”

Nilicheka. Nilicheka nikakaa chini kwenye saruji yenye maji, na kicheko kikaishia vibaya, machozi yakanitoka. Nilikuwa nimechambua makopo yote ya Nyawera, maneno na picha, dubu na mwezi, na sikuwahi kukaa nyumbani nione chupa moja ya mchana ikitengenezwa.

Mama mkwe aliogopa. “Nini? Sema. Ni mubaya?”

“Mama, ukipika maharage mengi na maji kidogo, inakuwa aje?”

“Inaungua. Hata mutoto anajua.”

Mkono wake ukaenda nyuma taratibu, ukagusa mguu wa mtoto chini ya kitenge.

“Nilikuwa namuunguza?” aliuliza.

“Ulikuwa unamuongezea.”

“Namuunguza,” alisema, safari hii bila kuuliza, na akaimwaga chupa ile nje kwenye mvua. Kwao maziwa hayamwagwi. Aligeuza uso alipokuwa akimwaga.

Tulimpeleka mtoto kwenye kituo cha afya siku ile ile, sote watatu chini ya mwavuli mmoja. Muuguzi alimminya tumbo, akatusikiliza, akanitazama mimi kwanza kisha mama mkwe, kama mtu anayechagua wa kuanza naye.

“Koko,” alimwambia mwishowe, kama tunavyowaita mabibi, “unga ikizidi, maji inakuwa kidogo mu tumbo, mutoto anafungana. Unaweza hata kumuua figo. Kijiko sawa, maji sawa. Na wewe, Maman, bakia ku kopo moja. Ile munatembeza mutoto duka yote ya mujini, anajua iko kwa nani?”

“Kopo gani?” niliuliza. “Lipi ni pole zaidi?”

“Ile iko wazi ku nyumba.”

Lililokuwa wazi lilikuwa la sentensi ndefu. Nimekula na maneno hayo mezani kwa miezi, faraja, wepesi, usiku mtulivu, na lazima niseme hayakuwa ya uongo sana, yakiwa na maji ya kutosha.

Mama mkwe alijifunza kupangusa. Alifanya hivyo akiwa ameuma mdomo, na mara ya kwanza alimwomba mtoto radhi kwa sauti. Mkono wangu mwenyewe, nikishika kisu, ulisita vilevile. Kuna kitu ndani yetu kisichopenda ukingo mtupu. “Basi namuongezea nini?” alinung'unika. Nikamwambia amwongezee mgongo. Akakubali, na tangu hapo, baada ya kila chupa, alimzungusha mgongoni uani muda mrefu kuliko ulivyohitajika, kwenye migomba, kwenye kamba ya nguo, akimweleza bei za vitu.

Tumbo lilitulia. Kilio kilipungua kikawa cha kawaida, cha mtu mwenye madai. Ku kilo mshale ulisogea, si sana, lakini muuguzi aliandika bila kukunja uso.

Ila kwangu bado aligeuka. Nilimweka kifuani, akautazama ukuta. Nadhani alikumbuka maumivu na kuyahusisha na mimi, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu zaidi. Nilijiambia kwamba anakua, kwamba hilo ndilo nililoomba. Nilijiambia hivyo kila alasiri.

Jumamosi moja umeme ulikuwa umekatika na redio za majirani zilikuwa kimya. Ukungu ulikuwa umeingia hadi kwenye ua wetu. Mama mkwe alimtoa mgongoni akiwa na joto la usingizi, akaniwekea mapajani, akaenda kuchemsha maji ya chupa. Sikujaribu kitu. Nilikuwa nimechoka kujaribu. Nilifunga macho na kumshika tu.

Nilimsikia akinitafuta. Pua kwanza, kisha mdomo, kwa hasira ndogo, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Akashika. Nikangoja aache. Hakuacha. Alivuta, akapumua, akavuta, na mkono wake mmoja ukafunguka juu ya blauzi yangu.

Mama mkwe alirudi na chupa, kijiko kimepanguswa, unga sawasawa na ukingo. Akasimama mlangoni.

“Prof,” alinong'ona, “usitingishike.”

Sikutingishika. Chupa ilipoa juu ya meza. Mkono wangu wa kushoto ulikufa ganzi kuanzia begani, nami nikauacha ufe.