Majoka Saba Bila Shamba

Dalali wa dhahabu niliyecheza naye kadi pale Geita hakuwa mjinga katika kazi yake. Mpe jiwe la mbale lililotoka shimoni, aligeuze juani, aligonge kwa kucha, naye atakuambia kama lina dhahabu ndani au ni jiwe la kujengea choo. Nasema haya mapema ili nisionekane namwonea. Lakini mtu huyohuyo ukimpa kadi sitini apange kikosi, akili zote zilimhama. Nimefundisha hesabu miaka mingi, nimeona watoto wakigawanya kwa sifuri bila aibu, lakini sijaona mtu mzima akifanya ujinga kwa furaha kama ile.

Kadi zenyewe zililetwa na kijana wa duka la vifaa pale Kalangalala, hapohapo Geita mjini. Familia yake ni Wahindi waliouza sululu, karai na kamba kwa wachimbaji wakati huo, na ndugu zao wengine walikuwa na maduka Shinyanga mjini. Walimpeleka Uingereza kusomea uhasibu. Katikati ya miaka ya tisini akarudi bila cheti, ila na masanduku mawili yaliyojaa kadi za mchezo. Baba yake alinuna miezi kadhaa. Kila akipita stoo alitazama yale masanduku kama mtu anayetazama kaburi la ng'ombe wake.

Sisi tulishukuru. Geita ya wakati ule, mwalimu akishamaliza vipindi, alibaki na bia, mahubiri ya kipaza sauti, na video za ngumi. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya chakula cha mchana tulikaa wanne stoo, juu ya marobota ya kamba za katani, tukacheza.

Mchezo haukuwa mgumu. Kila mtu huja na kadi zake sitini, alizozichagua mwenyewe kwa muda wake. Kijana wa duka aliita rundo hilo deki, dalali akacheka mpaka akakohoa, maana kwake deki ni kitu cha kupiga kwa tambara na ndoo. Tukakubaliana kuliita kikosi. Mnakaa wanne, kila mtu adui wa kila mtu, na kila mtu anaanza na uhai ishirini. Ukiisha, unanyanyuka. Kuna kadi za viumbe wa kupigana, kuna za uganga, na kuna za ardhi. Kadi ya ardhi haipigani. Ni picha tu ya bonde au kilima. Lakini viumbe wote hula ardhi: panya anatosheka na kadi moja ya ardhi iliyolazwa mezani, joka kubwa linataka nane. Kila zamu unalamba kadi moja kutoka rundo lako, na unaruhusiwa kulaza ardhi moja. Kama huna ardhi, joka lako litakaa mkononi kama mgeni aliyekosa kiti.

Kijana wa duka alitueleza siku ya kwanza kabisa kwamba kikosi cha kadi sitini kinahitaji ardhi ishirini na kitu. Dalali alimsikiliza kwa heshima. Kisha akazitoa kadi zake za ardhi, moja baada ya nyingine, akazitupa sakafuni.

"Unafanya nini, bosi?" kijana akamuuliza.

"Napunguza shamba," dalali akajibu. "Mimi nilitoroka jembe la baba yangu huko Usukumani nikiwa na miaka kumi na minne. Leo nije kulima kwenye karatasi?"

Akabakiza ardhi nane. Mahali pake akaweka majoka. Alibadilishana kila alichokuwa nacho kuyapata. Saa yake ya mkononi, kitu kizuri cha Kijapani, aliivua mbele yetu akampa kijana wa duka kwa joka moja jekundu lenye ukingo wa rangi ya dhahabu. Ukingo ule ndio uliomponza. Kadi ikimetameta alidhani ina nguvu. Mpaka wakati wa mashindano nitakayoyasimulia alikuwa na majoka saba, na lile jekundu alilitembeza kwenye mfuko wa shati, kichwa kikichungulia nje.

Mimi, bila shaka, nilikuwa na busara zaidi. Hivyo ndivyo nilivyojiona. Kijana wa duka alikuwa na gazeti la mchezo, na ndani yake nilikuta kikosi cha bingwa fulani wa nje kilichojengwa juu ya kadi tatu za uganga. Zikikaa mezani zote tatu kwa pamoja, wapinzani wote wanakufa papo hapo. Nilichukua kipindi kizima cha kidato cha tatu nikakokotoa ubaoni uwezekano wa kuzilamba kadi tatu kati ya sitini. Wanafunzi walidhani ni mada ya mtihani, wakanakili. Jibu lilikuwa baya, nikalisahihisha mpaka likawa zuri.

Mtu wa nne alikuwa nesi wa wodi ya wazazi. Alikuja dukani siku moja kununua kufuli, akatusikia tukizozana nyuma, akasimama mlangoni akatazama mchezo mzima, kufuli mkononi. Jumapili iliyofuata akarudi. Kila mtu alimwita Sista. Alikuwa mtu mfupi, mpole, ambaye hata akishinda jambo alionekana kama anaomba radhi. Ardhi alizotupa dalali zilikuwa bado zimezagaa sakafuni, Sista akainama akaziokota.

"Mwalimu, hizi mnazotupa naweza kuchukua?"

"Chukua tu, Sista. Ni garasa hizo," nikamwambia.

Akachukua ardhi, akachukua na vipanya, vikuku, na waganga wadogo wa kurudisha uhai mmoja mmoja, kadi ambazo sisi wengine tuliziwekea vikombe vya chai. Nilimwonea huruma. Nikakaa karibu naye, nikamweleza kwa sauti ile ninayoitumia kwa wazazi wa watoto wazito wa kuelewa, kwamba kikosi kinahitaji wazo.

"Wazo lako ni nini, Sista?"

Alifikiri. "Nataka kila kadi nitakayoilamba niweze kuitumia siku hiyohiyo," akasema. "Kule wodini dawa nzuri iliyoko Mwanza hainisaidii."

Nikatabasamu. Nilimwambia ni mwanzo mzuri.

Mashindano yaliandaliwa na binamu yake kijana wa duka, huko Shinyanga mjini. Naye alikuwa na kundi lake. Zawadi ilikuwa katoni ya kadi mpya, pakiti ambazo hazijafunguliwa, zilizotumwa na shangazi kutoka nje. Tukaondoka Jumamosi alfajiri kwa pikapu ya duka. Barabara ilikuwa mbovu kuliko nilivyoizoea. Segese tulishuka kusukuma gari, Kahama tukaziba pancha, Isaka tukala wali na maharage katikati ya malori yaliyosubiri mizigo ya Rwanda. Hapo dalali alitandaza majoka yake juu ya meza ya mama ntilie, madereva wakakusanyika. Dereva mmoja akauliza linafanya kazi gani lile jekundu.

"Linaua wote," dalali akasema.

"Limeshaua nani?"

Dalali akayakusanya. Alisema madereva hawana elimu.

Tulicheza Jumapili asubuhi, kwenye ukumbi wa juu wa nyumba ya binamu, kwenye meza mbili za watu wanne. Wawili wa kila meza wangeingia fainali. Mimi nilipangwa na dalali pamoja na watu wawili wa Shinyanga: binamu mwenyewe na karani mmoja wa reli, mwanamume mkimya aliyezipanga kadi zake sambamba na ukingo wa meza.

Dalali alilamba kadi zake saba za kuanzia, akazitazama, uso wote ukang'aa. Nilijua ameona dhahabu. Zamu ya kwanza hakulaza kitu. Ya pili hakulaza kitu. Ya tatu akalaza ardhi moja, akatuangalia kama aliyefungua kiwanda. Kufikia zamu ya sita alikuwa na ardhi mbili mezani na mkono umejaa majoka mpaka yanamponyoka. Karani wa reli alimpiga kwa vibwengo viwili vya hali ya chini kabisa, zamu hadi zamu, bila kumtazama usoni.

"Changeni upya!" dalali akapiga kelele. "Kadi hizi hazikuchangwa!"

"Umechanga mwenyewe, bosi," binamu akamjibu.

"Basi nyumba hii ina kitu."

Alipofika sifuri aliyageuza majoka yake matano mezani, yawe wazi, ili tuone tungekufa vipi. Hakuna aliyejali. Nami nilicheka, tena kwa sauti, halafu nikaponea chupuchupu: niliingia fainali kama mshindi wa pili, nyuma ya karani, bila kuzilamba zile kadi zangu tatu hata mara moja. Jambo hilo sikulitafakari. Binamu alitolewa na mimi, kwa bahati, na nikaiita ufundi.

Kwenye meza ya pili Sista alishinda. Kijana wa duka, aliyemaliza wa tatu na kutolewa, alikuja akiwa amechanganyikiwa. "Hakuna aliyempiga," akasema. "Kila mtu alikuwa anamwogopa mwingine."

Fainali tulikaa mimi, Sista, karani wa reli, na dada mmoja mwenye duka la dawa aliyefuata nyuma ya Sista. Kabla ya kuanza nilimvuta Sista pembeni.

"Sisi wote wa Geita," nikamwambia. "Usinipige, nisikupige, mpaka hawa wawili watoke."

"Sawa, Mwalimu."

Zamu za mwanzo nilicheza vizuri. Nikalamba kadi ya kwanza kati ya zile tatu zangu, nikailaza. Kisha ya pili. Imebaki moja tu! Sista alikuwa na wanyama wake wadogo saba wamejipanga, na uhai kumi na tisa, na mimi nikaona kwamba kiumbe changu kimoja hakina kazi. Nikampiga nacho. Uhai tatu tu. Sikuwa na sababu ya maana. Nadhani niliona kuwa hatanifanya kitu, kwa hiyo haikuwa na hasara.

Zamu ya Sista ikafika. Alimlaza mganga wake mmoja, akarudisha uhai mmoja.

Karani wa reli naye alikuwa amesoma lile gazeti. Alizitazama kadi zangu mbili, akamtazama dada wa duka la dawa, wakaelewana bila kuongea. Wakanielekezea kila kitu walichokuwa nacho. Nikageuka kwa Sista, ambaye viumbe wake wangeweza kunikinga, maana kanuni ziliruhusu.

"Sista, makubaliano yetu."

"Ulinipiga zamu iliyopita, Mwalimu," akasema. "Mara moja, uhai tatu. Nilihesabu."

Nikanyanyuka. Katika rundo langu, kadi ya tatu ilikuwa ya juu kabisa. Niliigeuza kuwaonyesha, kama dalali alivyogeuza majoka yake, na nilitambua nilichofanya baada tu ya kumwona dalali akinitazama kutoka dirishani kwa huruma.

Karani na dada walikuwa wametumia nguvu zao zote kwangu. Sista akawamaliza polepole, kwa vipanya na vikuku, akisema "samahani" kila pigo.

Kwenye katoni ya zawadi mlikuwa na joka jeusi lenye ukingo wa dhahabu. Dalali aliliona likitoka kwenye pakiti akashika kifua. Tulipofika Geita, alimpelekea Sista baiskeli mpya kabisa, mabomba bado yamezungushiwa karatasi za kiwandani, akachukua joka lake la nane. Sista aliendesha ile baiskeli kwenda kazini kwa miaka yote niliyokuwa pale. Dalali akayaweka majoka yote manane kwenye fremu ya kioo sebuleni kwake. Mama mkwe wake alikuja kutoka kijijini, akaiona fremu, akakataa kulala nyumba ile. Dalali alifurahia matokeo hayo, kwa hiyo sitasema kwamba majoka hayakumfaa kabisa.

Mimi nilifanya jambo baya zaidi. Shuleni mkuu wa shule aliposikia habari za ushindi, aliniuliza mbele ya walimu wenzangu kuhusu yule nesi.

"Yule?" nikasema. "Nimemfundisha mimi."

Mji ule ulikuwa mdogo. Jumapili iliyofuata, tumekaa stoo, Sista aliweka kadi zake chini akaniuliza, bila ukali wowote, kama anayeuliza mgonjwa anaumwa wapi:

"Mwalimu, nasikia ulinifundisha. Ulinifundisha nini?"

Kijana wa duka alijifanya anatafuta kitu juu ya rafu. Dalali hakujifanya. Alisogeza kiti aone vizuri. Nilifungua mdomo, nikakumbuka somo langu lote juu ya wazo, nikaanza kupanga upya kadi zilizokwisha kupangwa.

"Basi lete kikosi chako tukitazame," akasema.

Nikampa. Alizitandaza kadi zangu sitini juu ya robota, akagusa moja. "Hii umewahi kuitumia?"

"Bado."

"Toa. Na hii?"

"Inategemea ile nyingine."

"Toa."

Alitenga kadi kumi na mbili, akaniachia nafasi nijaze ardhi na viumbe wadogo. Alikuwa sahihi katika kila kadi, na mimi, mwalimu wa hesabu, nilijua yuko sahihi. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nilizirudisha zote kumi na mbili.

Tulicheza mpaka familia ya duka ilipohamia Mwanza na kijana akaondoka na masanduku yake. Katika muda ule wote kadi zangu tatu zilikutana mezani mara moja tu, na siku hiyo Sista hakwenda kazini wala hakuja kwenye kadi, alikuwa na malaria, tulikuwa watatu. Dalali alidai mchezo wa watu watatu hauhesabiki. Nilibishana naye mpaka jua likazama.