Maganda Yaliyotulisha Alunguli

Wakati wa vita treni iliacha kuja mjini kwetu Kindu, mashariki mwa Kongo, na njia za mashamba zikawa za wenye bunduki. Mwanamke aliyekwenda kuchuma sombe, majani ya mihogo, hakuwa na hakika ya kurudi. Mama akaamua kulima uani kwetu, mtaa wa Alunguli, penye udongo mwekundu mgumu ambao hata magugu yaliukataa. Alichukua pipa kuukuu la mafuta, akalitoboa kwa msumari, akawa anatia humo maganda ya mihogo na ya ndizi yaoze yawe mbolea. Majirani walicheka: "Uko unatunza takataka kama mali?" Kabla vita havijaisha, walikuwa wakibisha hodi kuomba lengalenga, mchicha uliostawi kwa mbolea hiyo, naye akawapa.

Nilirudia kazi hiyo nikiwa mtu mzima, muuza matunda. Soko letu lilinuka mabaki, na sisi wanawake wauzaji tulichoka. Tukamwomba fundi wa kuchomelea atuundie mapipa yenye mfuniko, yanayozungushwa kwa mkono. Wataalamu huyaita reakta. Tukayaweka uani kwangu, tukayajaza mapapai na nyanya zilizooza, tukafunga, tukangoja baraka.

Ikaja harufu. Maji meusi yakachuruzika, funza wakatambaa hadi kwa jirani yangu, mzee mstaafu wa reli.

"Mama, hii njo nini? Unataka kutuua?" akafoka. "Nitaenda kwa shefu wa karitie, mukubwa wa mtaa!"

"Papa, tuvumilie kidogo."

Matunda peke yake yana maji mengi, na mapipa yetu hayakupata hewa. Tukaongeza matundu, tukachanganya makapi makavu ya mpunga, tukawa tunazungusha kila asubuhi. Harufu ikaisha. Mvuke ulipoanza kutoka, nilimwita mzee, nikachomoa chuma tulichokuwa tumekichomeka ndani, nikampa.

Alikishika, akakitupa papo hapo. "Iko moto! Makala mumeweka wapi?" akauliza, akidhani tumeficha makaa ya moto.

"Hakuna makala, Papa. Njo maganda tu."

Alicheka mpaka akaketi chini.

Tulitoa mbolea nyeusi, laini, yenye harufu ya msitu, tukaitia kwenye bustani yetu. Miezi ya mvua chache, bustani nyingine ziliponyauka, biringanya zetu ziliinamisha matawi. Siku ya mavuno tulikwenda sokoni kwa msafara, mabeseni kichwani, vigelegele vikipaa, wenye pikipiki wakisimama kutazama. Mama, mwenye mvi sasa, alitangulia.

"Musikimbie," alituambia. "Mutembee polepole, watu waone muzuri."