Tanga Lililopigwa Bandi

Rugwiro, mwenye mashua ya kutembeza wageni hapa Gisenyi, alisema mbele ya watu kwamba nilimdanganya. Alisema nilimwambia tanga lake limekwisha kushonwa ilhali halijakwisha, na kwamba kwa uongo huo nilitaka kuwazamisha wageni wake ziwani. Si kweli. Nilisema neno moja tu, na anayejua nilikuwa na maana gani ni Umuhire, msichana anayepokea simu za Rugwiro. Umuhire amenyamaza mpaka leo.

Mimi ni Dative. Wengi huniita Mama Gisubizo. Nilizaliwa Karagwe, upande wa Tanzania, kwa wazazi waliokimbia, nikarudi Rwanda nikiwa msichana mkubwa. Shule sikuijua. Kusoma nilijifunza kanisani, kwa kufuata kidole cha jirani kwenye kitabu cha nyimbo. Kushona nilifundishwa na fundi mmoja wa Kayanga ambaye alikuwa akinipiga rula kwenye vidole kila mshono ulipopinda. Kwa miaka ishirini na miwili nimekaa kwenye baraza moja karibu na soko, cherehani ileile, na magoti yangu yamechakaa kabla ya mashine. Kitu pekee nilichokuwa nacho ambacho hakikuhitaji kutengenezwa kilikuwa jina langu. Watu walisema, nguo ya Mama Gisubizo hairudi kwa fundi.

Rugwiro aliniletea tanga mwezi wa saba. Ni askari mstaafu, alikulia Uganda, na kila mtu humwita Afande hata sasa anapovaa kaptula na kofia ya majani. Alilileta juu ya pikipiki, limemfunika dereva kama mgonjwa aliyevikwa shuka. Lilikuwa limeoza katikati, kutoka juu mpaka chini.

"Mama, hii unaiweza?"

"Sijawahi kushona tanga, Afande. Lakini kitambaa ni kitambaa."

"Wageni wangu wanalipenda jua likizama. Bila tanga wanasema hii ni boti ya kubeba ndizi."

Nilikata kipande kilichooza, nikaweka kipya. Mashine ilikataa unene ule, kwa hiyo ilibidi nishone kwa mkono, na kwa uzi wa nailoni wa mafundi viatu. Uzi mzuri wa aina hiyo uko Goma, upande wa Kongo. Mama yake Umuhire huvuka mpaka kila asubuhi na nyanya zake kichwani, nikamwomba Umuhire amwambie mama yake aniletee. Wakati nangoja, nilishikiza vipande kwa uzi wa pamba, mishono mirefu, iliyolegea. Huko nilikojifunza tunaita kupiga bandi. Ni mshono wa kushikilia tu ili fundi apime, kisha ashone mshono wa kweli na kuung'oa ule wa kwanza. Siku ya Alhamisi nilipeleka tanga kwenye banda la mashua ili lipimwe kwenye mlingoti, nikaliacha hukohuko kwa sababu mgongo ulikataa kulirudisha.

Ijumaa asubuhi simu ikalia. Nilikuwa nimempigia mteja magoti, napinda pindo la gauni lake, na pini nne mdomoni.

"Mama Gisubizo," ilikuwa sauti ya Umuhire, "Afande anauliza, ile tanga, lini?"

"Ejo," nikasema.

Simu ikakatika, nami nikarudi kwenye pindo.

Kwa Kinyarwanda jana ni ejo, na kesho pia ni ejo. Kitendo ndicho kinachosema ni ipi. Nilishona ejo, nitashona ejo, hakuna anayekosea. Lakini mtu mwenye pini nne mdomoni hasemi kitendo. Rugwiro alikuwa amesimama pale kando ya Umuhire, simu imewekwa sauti ya wote. Kinyarwanda alijifunza ukubwani, na yeye ejo aliyoisikia ilikuwa jana, hasa kwa kuwa tanga alikuwa nalo tayari bandani. Umuhire je? Umuhire alizaliwa hapa. Na uzi ulikuwa haujafika. Mama yake mwenyewe ndiye aliyekuwa anauleta. Nilishone jana kwa uzi gani?

Saa kumi jioni nilishuka ziwani kuuchukua uzi huo kwa Umuhire. Nilipofika kwenye miti ya barabara ya ufukweni, niliona mlingoti, na juu yake tanga langu limepandishwa. Mishono yangu ya bandi ilionekana kutoka barabarani, myeupe, kama meno ya mtoto. Nilivua viatu nikakimbia. Mtu wa umri wangu akikimbia watu wanadhani kuna msiba.

"Afande! Teremsha! Halijashonwa!"

Rugwiro alikuwa anampa mkono mwanamke mmoja aliyevaa gauni la manjano apande. Mume wake alikuwa ameketi tayari. Walikuwa wametoka Kigali, mashua yote wameikodi wao wawili, kwa sababu siku hiyo walitimiza miaka kumi ya ndoa. Mume aliitwa Kimenyi, mke Connie.

"Mama, usinipigie kelele mbele ya wageni."

"Hilo ni bandi tu! Upepo ukija linafunguka kama bahasha!"

"Wewe ulisema ejo. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Ejo ya kesho!"

"Ejo ni jana."

Kimenyi akaanza kucheka. Alikulia Bukoba, kwa hiyo alinisemesha Kiswahili. "Mama, pole. Hii ndiyo nchi yetu. Tuna neno moja tu kwa siku mbili, halafu tunashangaa tunachelewa."

"Sasa twende au tusiende?" Connie aliuliza. "Jua halitusubiri."

Rugwiro alishusha tanga kwa hasira. "Tutakwenda na injini. Wewe panda, umalizie humo humo."

Ningeweza kukataa. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikukataa. Lakini tanga lilikuwa linaondoka, na jina lililokuwa juu yake lilikuwa langu. Umuhire alikuja mbio akanipa uzi kwenye karatasi ya kaki.

"Mama amevuka sasa hivi," alisema, na hakuniangalia usoni.

Ndivyo nilivyotembezwa ziwani kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nimeishi kando ya ziwa hili miaka yote hiyo, ninalijua kwa kufua na kwa kununua sambaza, vidagaa vyake, lakini kulitembelea kwa raha sikuwahi. Nilikaa sakafuni nyuma, tanga limenijaa mapajani, sindano kubwa mkononi. Mashua ilifuata ufukwe kuelekea Rubona. Hoteli zilipita, na bustani zake, na watoto waliokuwa wanaoga. Kimenyi alifungua soda. Connie alipiga picha kila kitu, na mimi nimo katika picha zote hizo, kwa nyuma, kichwa nimekiinamisha.

"Mama, angalia jua basi," aliniambia. "Zuri hivi, na wewe unaangalia kitambaa."

"Nitaliangalia nikimaliza, dada."

"Unashona vizuri. Unaweza kunishonea mimi mushanana, vazi la kwenda nalo kwenye harusi ya mdogo wangu?"

"Mushanana haishonwi sana," Kimenyi akasema. "Inafungwa tu begani. Mtu atakuibia."

"Nyamaza wewe, unajua nini?"

Walicheka, nami nilicheka kidogo. Nilikuwa nimechoka, lakini mshono ulikuwa unakwenda vizuri. Nilianzia chini kwa sababu ndiko kamba zinakovuta zaidi. Nailoni ilikuwa inakata kidole, na kila hatua niliifunga fundo. Nilifika katikati. Jua lilikuwa linakaribia milima ya upande wa pili, na maji yalianza kugeuka rangi ya shaba.

"Kapteni," Connie akasema, "picha ya mwisho. Na tanga juu. Hiyo ndiyo tuliyoiona kwenye simu, ndiyo tuliyoijia."

"Nusu haijashonwa," nikasema.

Rugwiro alinitazama. "Dakika tano tu, mama. Upepo hakuna."

"Afande, ninakuomba. Upepo wa milimani huja jua likianguka. Hata wauza samaki wanajua."

"Mimi ndiye nahodha au wewe?"

Alilivuta kutoka mapajani mwangu sindano ikiwa bado imening'inia. Lilipanda. Lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo, jua likipita ndani yake. Connie alisimama mbele yake, mume wake akamshika kiuno, na Rugwiro akashika simu yao awapige picha.

Upepo ukaja. Mshono wangu wa nailoni, ule wa nusu ya chini, ulishika. Juu, kwenye bandi, tanga lilifunguka lote kwa sauti kama ya mtu anayerarua shuka. Boriti iliyoshikilia tanga ilianguka ikampiga Kimenyi begani, naye akaangukia magoti. Kitambaa kilimfunika Connie, akawa anapiga kelele ndani yake. Kipande kingine kilianguka majini, kikavutwa na panga boi la injini, likajizungusha nacho, na injini ikazima. Tukawa tunaelea tu, na upepo unatusukuma mbali na nchi kavu.

Hakuna aliyekufa. Hakuna hata aliyetoka damu. Wavuvi walikuwa wanatoka na mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wanaimba. Walipotuona waliacha wimbo.

"Afande!" mmoja akaita. "Leo umevua nini? Samaki ya kitambaa?"

"Nyavu yake iko kubwa sana," mwingine akasema. "Lakini matundu ndiyo mengi."

Walitufunga kamba, wakatuvuta. Mwendo ulikuwa wa polepole. Kimenyi alishika bega. Connie alilia kimya, si kwa hofu tena, nadhani, kwa aibu. Mimi nilikunja tanga, kwa sababu mikono yangu haijui kukaa bure.

Ufukweni walikuwa wamekusanyika watu wengi, kama kawaida ya Ijumaa. Rugwiro alikuwa mtu wa kwanza kuruka chini. Alininyooshea kidole kabla hata wageni hawajashuka.

"Huyu mama! Aliniambia limekwisha! Amelishona kwa uzi wa kushonea nepi!"

"Nilikwambia ni bandi!" nikasema. "Nilikwambia mara tatu!"

Hapo ndipo nilipojimaliza mwenyewe. Watu wa hapa wengi walitoka Kongo, na kwao bandi ni mwizi, jambazi. Mshono ule wao wanauita fofile. Mtu akauliza, "Anasema nini? Bandi iko wapi?" Mwingine akajibu, "Si ni yeye!" Wakacheka ufukwe mzima. Tangu siku hiyo ninapopita sokoni kuna anayeita, "Mama Bandi, habari ya ziwa?" Watoto hawajui hata maana yake. Wanaita tu.

Kimenyi aliniambia, wakati anaondoka, "Mama, mimi nilisikia ukimwonya. Nitampigia simu kiongozi wenu." Sijui kama alipiga. Nadhani Kigali ni mbali na mambo ya fundi.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kwa Umuhire. Alikuwa anaosha viatu mlangoni.

"Mwanangu, wewe unajua nilisema kesho."

"Mi najua, mama." Hakukataa. "Uzi ilikuwa haiyafika. Mi najua."

"Basi useme."

"Kwa nani? Kwa Afande?" Aliacha brashi. "Mama, we unataka mi nikule wapi?"

Ninamwelewa, na kule kumwelewa hakunisaidii kitu.

Ushirika wetu wa mafundi ulitukutanisha wiki iliyofuata. Narcisse ndiye mwenyekiti, mtu mpole, anayependa mambo yaishe kabla chai haijapoa. Rugwiro alikuja na kofia yake, na Umuhire nyuma yake. Nilieleza yote: pini mdomoni, uzi, bandi na maana yake. Nilionyesha mshono wa nailoni uliobaki mzima na mshono wa pamba uliofunguka. Mafundi wenzangu waliushika, wakauvuta. Hawakuweza kuusema vibaya.

"Afande," Narcisse alisema, "ejo ni zote mbili. Hata mtoto anajua."

"Basi angefafanua. Askari akiulizwa lini, anajibu siku."

"Na Umuhire, wewe uliyekuwa na simu, ulisikia vipi?"

Umuhire aliangalia viatu vyake, vile alivyokuwa anaosha.

"Mi sikusikia muzuri," alisema. "Rezo ya simu ilikuwa mubaya."

Narcisse akapumua kama mtu aliyefunguliwa mlango. Kwa kuwa hakuna aliyesikia vizuri, alisema, hakuna aliyekosa sana, lakini fundi mkubwa anatakiwa kuwa mwangalifu na maneno yake. Mwaka huo kazi ya sare za shule, ambayo ushirika hutugawia kila mwaka, waliigawa kwa wengine. Mimi waliniachia kurekebisha zipu.

Rugwiro alipata tanga jipya, limeshonwa mahali pengine. Jioni nikiwa nafunga cherehani ninaliona linapita, na wageni wake wawili wawili. Sina chuki na jua lao. Miguu inaniuma, ninafunga, ninakwenda nyumbani.

Rugwiro bado ana deni la kusema, palepale ufukweni alipopiga kelele, kwamba nilimwonya kabla hajapandisha tanga kule ziwani. Umuhire bado ana deni la maneno manne, mbele ya Narcisse na mafundi wote: uzi ulikuwa haujafika bado.