Mashine ya Edvina

Kyaruzi alizaliwa Rwamishenye, mtoto wa mhunzi wa majembe. Yeye ndiye aliyeunda mashine ya kwanza ya kukamua ndizi mtaani kwao, kwa vyuma vya lori bovu, na majirani wakaacha kuzikanyaga kwa miguu. Kwa miaka mingi wateja walimfuata hata kutoka Muleba. Alizoea kusifiwa.

Kisha Edvina, binti aliyesomea uchomeleaji, akafungua karakana huko Muleba. Mashine yake ilikuwa nyepesi. Hata bibi kizee aliweza kuizungusha. Wateja wakahamia kwake. "Rangi tu hiyo, chuma hakuna," Kyaruzi alikuwa akisema, na jina la Edvina likitajwa mezani, chakula kilimshinda.

Siku moja alikwenda Muleba kwa shemeji yake Benigna, aliyekuwa akiandaa lubisi, pombe ya ndizi, kwa ajili ya harusi ya mwanawe. Uani akaikuta mashine ya Edvina. Shemeji yake mwenyewe! Na wala hakumwambia.

"Usikasirike, shemeji," Benigna akasema. "Ile yako inaniumiza mabega."

Watu walipoingia ndani kula, Kyaruzi alibaki nje. Aliizunguka mashine, akaipapasa, akatafuta kasoro asiione. Akatoa spana mfukoni, akalegeza bolti ya mguu mmoja.

Benigna alipoanza tena kukamua, mashine ikapinduka. Juisi yote ikamwagika, naye akaponea chupuchupu kuvunjika mguu. Akampigia simu Edvina, aliyekuja na bodaboda. Edvina akainama, akaona mikwaruzo mipya ya spana kwenye bolti. Akainua macho, akamtazama Kyaruzi, fundi pekee aliyekuwapo.

"Sikuikaza vizuri, mama. Kosa ni langu," akamwambia Benigna. "Nitakusaidia kukamua upya."

Kyaruzi aliona afadhali angetukanwa. Sasa aliuonea wivu hata moyo wa yule binti. Alivumilia mpaka ndizi nyingine zikaletwa, kisha akasema mbele ya wote, "Ni mimi niliyelegeza."

Benigna akamgeuzia mgongo, akaendelea na ndizi zake. Siku ya harusi alimkumbatia dada yake, mke wa Kyaruzi, akampita Kyaruzi kama hamwoni.

Kyaruzi bado anafua majembe Rwamishenye, lakini mashine ameacha kuunda. Mteja akiziulizia, humwelekeza kwa Edvina, halafu hurudi kwenye majembe yake. Wivu haujamtoka.