Pango Halikuwa Tupu

Naikumbuka vizuri, mwanangu, asubuhi niliyopewa kalamu nikaandika uongo. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliishia darasa la nne, lakini huku kwetu milimani, upande wa Kitanga, mwandiko wangu ulisomeka kuliko wa wenzangu, ndiyo maana katekista wetu wa zamani aliniita niandike habari za pango.

Pango lenyewe unalijua. Mahujaji wanakuja kutoka Kibondo na Kasulu, siku hizi hata Wakongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, wanavua viatu mlangoni, wanaingia kusali. Usichokijua ni kwamba lilikuwa na mwenyewe. Lilikuwa la mama mmoja, Nyandwi, mfumu, yaani mganga wa mizimu. Mvua ilipobomoa kibanda cha sala cha Wakristo wa kwanza, Nyandwi aliwakuta na watoto wao wamejifunika majani ya migomba. Akatoa vyungu vyake vyote vya mizimu, akafagia, akawaambia ingieni. Alikufa bila kubatizwa. Lakini kila siku ya hija alifagia yeye kwanza, na baada yake binti yake, Bukuru. Kabla ufagio wa nyumba ile haujapita, hata padri alisubiri nje.

Katekista alisema jina la mfumu lisiwekwe. Sitamsema vibaya, aliogopa watu wasije wakarudi kwenye mizimu, na siku zile hofu hiyo haikuwa ya bure. Nikaandika kwamba Wakristo wa kwanza walilikuta pango likiwa tupu. Nikatia sahihi. Nadhani hata niliringa kidogo.

Karatasi ikalala kabatini miaka mingi. Mwaka huu, 2014, kamati mpya ya hija imeitoa, imechongesha maneno yangu kwenye jiwe la marumaru na kulisimamisha mlangoni, pamoja na geti la chuma. Siku ya hija Bi Bukuru akapanda na ufagio wake, mgongo umepinda, akakuta pameshafagiliwa na vijana wa fulana za sare. Mmoja akamwambia, "Bibi, tulia, mambo yote poa. Kaa pembeni wageni wapite."

Akampita. Alinijia mimi, akalielekezea jiwe ufagio.

"Wewe ndiye uliyesoma. Jina la mama liko mstari wa ngapi?"

Ningeweza kumdanganya. Nilifikiria kufanya hivyo, nakiri hapa nisije nikajisifu bure. Nikasoma. Nilipofika kwenye "tupu" akanishika mkono.

"Tupu? Na vyungu nilivyoteremka navyo kichwani, safari nne, vilikuwa vya nani? Kumbe mimi sikuzaliwa. Niliota tu kama uyoga."

Nikamwambia aliyeandika ni mimi, na kwamba nilikuwa kijana. Akauliza nilikuwa na umri gani. Nikamtajia.

"Basi ulikuwa mtu mzima," akasema, akateremka zake.

Nilikwenda kwenye kamati. Mwenyekiti ni mwalimu aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine, mtu mwema, habari hizi hakuzijua. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanionyesha sahihi yangu. Akasema kilichochongwa hakifutwi kwa maneno ya mtu mmoja, ila Bi Bukuru anaweza kuandikishwa kuwa mhudumu wa usafi, apewe na fulana. Mhudumu wa usafi, mwanangu, katika nyumba ya mama yake. Damu ilinichemka, na hadi leo haijatulia. Tunajikinga mvua kwenye paa la Nyandwi, halafu tunaona haya kumtaja. Ni haya gani hiyo? Nawauliza wao, ila najua wa kwanza kujibu ni mimi.

Jumapili iliyofuata walipanda mahujaji wa Nyarugusu. Nikasimama mbele ya jiwe, nikawaambia mstari wa pili ni uongo na mwongo ni mimi. Kijana wa fulana akanivuta mkono. Sikuondoka. Nikasimulia yote. Mama mmoja Mkongo, mtoto mgongoni, akauliza, "Papa, ule mama jina yake nani?"

"Nyandwi."

Akalirudia, na wenzake wakalirudia. Kisha akakaa chini nje ya geti, akasema na wao walipokewa na watu wasiowajua, hawaingii mpaka mwenye nyumba aje. Wote wakakaa. Mwenyekiti akatazama jiwe, akatazama watu, mwisho akaniambia kwa upole nikamwite.

Nilimkuta Bi Bukuru uani. Nilimweleza. Hakuinuka haraka.

"Waambie wasubiri," akasema. "Nakata majani mabichi ya ufagio."

Walisubiri, mwenyekiti naye, hadi ufagio ulipopita. Jiwe bado liko pale na uongo wangu, na kila hija nitasimama kando yake.

Basi mwanangu, ukipewa kalamu kwa sababu umesoma, andika jina la aliyekufungulia mlango, hata kama hakusali kama wewe. Akikuambia mkubwa wako uliache, mheshimu, lakini usiliache. Na ukikosea, rudi ukaseme mbele ya watu walewale, usisubiri uzee kama mimi. Mungu akujalie mkono usioogopa, na popote mvua itakapokukuta, akuandalie mtu wa kukuambia ingia.