Mkombozi wa Soko la Samaki

Juzi, rafiki yangu, minibasi ya kutoka Mansa ilinishusha Nchelenge, na kabla sijaliona ziwa, pua ilikuwa imeshafika utotoni. Ilikuwa harufu ya chisense, wale samaki wadogo wanaoanikwa mchangani. Nimezurura sana tangu niache shule. Nimefagia barabara za Lubumbashi, bustani za Kitwe, na stendi za miji niliyosahau hata majina yake. Lakini ufagio nilifundishwa hapa, na kambo. Ndivyo sisi tuliovuka kutoka Kongo tunavyomwita bibi.

Kambo aliajiriwa kufagia barabara ya ziwani na soko la samaki. Kila alfajiri tulikula bukari ya jana, ndiyo ugali wetu, na samaki aliyebaki, halafu tukatoka na fagio za njiti za mchikichi, magamba ya samaki yakinata miguuni mwetu. "Fagia pamoja na upepo," alikuwa akisema, "usishindane nao."

Mwaka mmoja wa mvua kubwa ziwa lilipanda mpaka sokoni. Liliporudi, lilituachia magugu, nyavu zilizochanika na samaki waliooza. Kipindupindu kilikuwa kinatajwa kila nyumba. Ijumaa akaja bwana afya, akaziba pua, akasema: Jumatatu asipokuta usafi, soko linafungwa mpaka mvua ziishe. Na soko letu likifungwa, sufuria za mji mzima zinafungwa.

Jumamosi kutwa tulifagia wawili. Wachuuzi walikaa juu ya beseni zao wakitutazama. Mmoja, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akapaza: "Kambo, kaza mukono! Boma njo inakulipa, haiko shiye!" Yaani ni serikali inayomlipa, si wao.

"Uchafu ni ya ziwa, mama," kambo akamjibu bila kuinuka. "Lakini harufu njo yenu."

Jua lilizama hatujafika hata nusu. Usoni mwa kambo niliona hofu ambayo sikuwahi kuiona.

Jumapili kanisani alikuja mhubiri mgeni kutoka Tanzania, Kiswahili chake kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Akanguruma: "Nani mkombozi wetu?"

Sasa elewa, rafiki yangu: kwetu kukomboa ni kufagia. Kila asubuhi niliambiwa nikomboe uwanja. Nikaruka juu ya benchi nikapiga kelele: "Ni kambo!"

Kanisa likaangua kicheko. Mama wa tarumbeta alicheka mpaka kitambaa kikamdondoka kichwani. Mchungaji wetu akamnong'oneza mgeni maana ya neno. Mgeni naye akacheka, akajifuta macho, akasema, "Basi mkombozi huyo apite mbele."

Kambo akapita, mikono imepasuka, akasema maneno machache tu: "Kesho soko yetu itafungwa. Miye peke yangu siiwezi."

Mhubiri akatugeukia. "Yule wa mbinguni hata yeye alisaidiwa kubeba msalaba. Na huyu wa ziwani mnamwachia peke yake?"

Kisha mama wa tarumbeta akainama, akavua viatu vyake vya Jumapili. "Bamama, mafagio!"

Hatukungoja hata baraka. Kanisa zima liliteremka ziwani likiimba, vitenge vimefungwa kiunoni, wanaume na majembe, mhubiri amekunja suruali akikokota magugu. Wabemba wa jirani walitoka kushangaa, wakarudi na fagio zao. Kambo alitembea katikati akielekeza kama jemadari: "Pamoja na upepo, batoto! Pamoja na upepo!"

Jumatatu bwana afya alizunguka soko lote. Hakuziba pua. "Isuleni," alisema kwa Kibemba, yaani fungueni, na vigelegele vikaruka mpaka kwenye mitumbwi. Mama wa tarumbeta alimbeba kambo mgongoni kama bibi arusi, kambo akimpiga mabega kwa aibu: "Nishushe, weye wazimu!"

Kambo hayupo tena. Wafagiaji niliowakuta juzi wana glavu na makoti yanayong'aa, kila mmoja na kipande chake cha barabara, wachuuzi wakiwapita bila salamu. Watoto sasa wanasema Kibemba, na nilipomwambia mmoja akomboe, alinitazama tu. Sikusikitika sana. Nimefagia miji mingi, na ninajua ni wafagiaji wachache waliowahi kuona nilichokiona mimi: kanisa zima, miguu mitupu, nyuma ya ufagio mmoja.